Uchungu wa Mubirizi

Tangu nistaafu naota rangi. Sioti watu wala barabara. Naota zambarau iliyokolea, imesimama ndani ya chupa nyembamba, kisha taratibu inaanza kuachia, inakuwa ya waridi, inakuwa kama maji ya udongo, mwisho inatulia kwenye manjano hafifu. Naamka nikitabasamu, na mama yangu mdogo Kahambu, ambaye naishi naye hapa Mulekera, mjini Beni, huniuliza kama nimeota bwana. Namwambia nimeota kazi. Ananisikitikia kweli kweli.

Ninyi vijana mnaoingia maabara siku hizi, mnaovaa koti jeupe na kujipiga picha nalo kabla hata hamjaosha chupa moja, ninawaandikia juu ya rangi hizo. Nitawaeleza pia kichaka kimoja, mubirizi, na huyu mama mdogo ambaye kichaka hicho kilikuwa karibu kumpeleka kaburini, ingawa kichaka chenyewe hakikuwa na kosa. Mimi ni Masika. Nilikuwa fundi wa maabara ya mimea kule Butembo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimeosha chupa nyingi kuliko sahani, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hivyo hivyo kwa kulalamika.

Mubirizi mnaujua. Nusu ya nyua za Beni zimezungushiwa huo. Ukichomeka kijiti ardhini msimu wa mvua kinashika bila kubembelezwa, na ukikiacha kinatoa vishada vya maua meupe madogo, vinavyonukia hata nyuki wanachanganyikiwa. Jani lake ni chungu, mbuzi hulionja mara moja tu. Bibi zetu walilitumia kwa homa, kwa minyoo, kwa tumbo lililovimba, na hawakungoja ruhusa ya mtu.

Sisi maabara tuliuliza mambo mawili tu. La kwanza, je, maji ya jani hili yanazuia kutu ya mwili? Naiita kutu kwa sababu Mzee Kasereka, aliyekuwa mkuu wetu, alinifundisha hivyo. Alimenya ndizi, akaiacha mezani mpaka ikageuka nyeusi, akaniambia hewa inafanya vile vile ndani yetu, polepole, na kuna mimea inayojua kuizuia. Tunaipima kwa unga fulani unaotoa ile zambarau ninayoiota. Mmea ukiwa na nguvu, zambarau inakufa na manjano inakuja. La pili, je, maji hayo yanakizuia kile kimeng'enya, anzime tunayosema sisi, kinachovunja wanga wa ugali kuwa sukari? Hilo ni swali la watu wenye ugonjwa wa sukari, na Butembo na Beni tunao wengi, mnawajua kwa majina.

Mzee Kasereka alikuwa mtu wa pole kupita kiasi. Hukuruhusiwa kugusa mzani kabla hujanusa jani, hujalikunja, hujalitazama upande wa chini. Vijana walikuwa wakinong'ona kwamba anafanya uganga. Mimi nilipenda asubuhi zake. Ukungu wa Butembo ulikuwa umekaa juu ya paa za mabati, pikipiki zinanguruma ndani yake bila kuonekana, na sisi tumeketi kimya mbele ya safu ya chupa, tunangoja rangi iamue. Siku hizi kuna mashine inayosoma rangi na kukupa namba. Ni nzuri, sibishani nayo. Lakini tazameni na ninyi kwa macho kabla ya kuiuliza, maana mashine itawapa namba hata mkiiwekea maji ya kuoshea sufuria.

Na hilo si mfano wa kutunga. Sisi Wanande majina yetu yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba yenye wavulana wawili ina Kambale wake, yule wa pili. Maabara yetu wakati mmoja ilikuwa na Kambale watatu, na kila mmoja aliandika jina lake kwenye chupa zake, akaona amemaliza. Asubuhi moja Kambale mmoja akachukua chupa yenye maji ya kahawia iliyoandikwa Kambale, akadondosha tone kwenye zambarau, na zambarau ikafa pale pale. Hatukuwa tumewahi kuona kitu kama hicho. Watu walikumbatiana, mmoja akaanza wimbo wa kanisani. Mzee Kasereka akachukua chupa, akanusa, akanywa funda moja. Tulishikwa na hofu. Akasema imekosa sukari kidogo. Ilikuwa chai ya Kambale mwingine, aliyekuja nayo kutoka nyumbani ndani ya chupa safi ya maabara.

Mcheke, lakini mshike mambo mawili. Chai ina nguvu kubwa ya kuzuia kutu, na tangu siku hiyo tuliitumia kama kipimo cha kulinganishia. Na chupa huandikwa jina la mmea, sehemu yake, mahali ulipochumwa na kilichotumika kuukamua. Jina alilokupa mama yako halimsaidii mtu.

Sasa nije kwa mubirizi. Ule wa Butembo tuliupima na ukafanya vizuri. Mzee Kasereka akataka ulinganishwe na wa Beni, kule chini kwenye joto, na mimi nikasema ninaye mtu. Mama mdogo Kahambu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Ana kiwanja hapa Mulekera, maharage mbele, mihogo nyuma, na ukuta mzima wa mubirizi. Nilimpigia simu, nikamwomba gunia dogo la majani kwa ajili ya wakubwa wangu wa kazi. Alifurahi kama aliyeombwa kupika harusi. Barabara ilikuwa imefungwa, kama inavyofungwa, gunia likangoja Beni mpaka gari zikaruhusiwa kupita. Lilipofika nilikuta majani yamekauka vizuri, kivulini, bila hata harufu ya uvundo. Nikajivunia shangazi zangu na mama zangu wote.

Tukayakamua kwa pombe kali ya maabara, tukakausha maji yake, tukadondosha. Zambarau ikabaki zambarau. Tukajaribu kwenye wanga, na kimeng'enya kikaendelea kula kama hakuna aliyekizuia. Tulirudia, tukabadilisha pombe, tukaosha chupa upya. Hakuna kitu. Kambale wakaanza kusema udongo wa Beni umechoka, na mimi niliyezaliwa Beni nilisikia vibaya, nawaambia wazi, kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Mzee Kasereka akanusa jani, akalitafuna. Kisha akaniambia niende nikaone linachumwaje.

Nilimkuta mama mdogo ameinama kwenye beseni uani, anaandaa gunia la pili ambalo hakuna aliyemwomba. Anayachovya majani kwenye maji ya moto, anayasugua kwa chumvi, anayakamua povu la kijani, anamwaga, anaanza tena. Kisha anayatandaza kivulini kwenye mkeka kwa upole wa kumlaza mtoto. Nikamwuliza anafanya nini.

"Niko naondosha uchungu," akasema. "Naweza pelekea bageni majani machungu? Batasema weye ulilelewa mu nyumba ya namna gani?"

Niliketi chini. Kwetu, mgeni hapewi kitu kichungu, hilo nalijua tangu utoto. Na wakubwa wa kazi wa mtoto wako ni wageni kuliko wageni. Alikuwa ametuma majani yaliyosafishwa nguvu zake zote, kwa heshima. Nilicheka mpaka nikalia, nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambako njo ni ndiyo, "Mama, ule uchungu njo dawa yenyewe. Njo tunatafuta."

"Basi mungesema," akajibu. "Miye nilizani munakula."

Gunia lililofuata lilikuja na uchungu wake wote. Tulikuta humo ndani majani ya vichaka vingine yamechanganyika, hata ya ule wa miiba wenye maua ya rangi rangi, tukayachambua huku tukisema mama amezeeka. Halafu tukadondosha. Zambarau ililegea, ikapauka, ikaondoka, na manjano ikaingia taratibu kama jua kwenye pazia. Hakuna aliyeimba safari hii. Tulitazama tu. Ikiwa kuna saa za maisha yangu ambazo ningependa kurudishiwa, basi asubuhi hiyo imo.

Upande wa wanga nao ulikubali. Mzee Kasereka alipenda kuwaonyesha wageni jambo hilo bila mashine: uji mwepesi wa muhogo, mate ya mtu, na iyode ya duka la dawa. Mate yana kimeng'enya kile kile. Unatia mate kwenye uji, unangoja, unachukua tone na kuliweka kwenye sahani nyeupe pamoja na iyode. Wanga ukiwapo, tone ni buluu. Wanga ukishaliwa, buluu hakuna, inabaki rangi ya iyode yenyewe. Lakini ukichanganya mate na maji ya mubirizi kwanza, kimeng'enya kinazuiwa, na buluu inabaki. Msisahau kuongeza iyode kidogo hapo, kwa sababu mmea unaozuia kutu huila iyode nayo, utadhani umeshindwa kumbe umeshinda mara mbili.

Mama mdogo nilimpigia simu nikamwambia majani yake yameshinda. Akasema wasingya, asante kwa Kinande, kwa sauti ndogo. Nilidhani ni furaha tu. Sikujua kwamba ameshika kikombe cha majani hayo hayo.

Wakati huo alikuwa anaishi na ugonjwa wa sukari tayari, na daktari wa Beni alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Alikuja Butembo kwa matanga ya ndugu yetu mmoja. Nilipomwandalia maji ya kumezea dawa alisema hana haja, aliviacha zamani. Anakunywa mubirizi mbichi, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Alisema kwa kujivuna, maana ni mmea wake mwenyewe na maabara imeusifu. Nilimweleza kwamba chupa si tumbo, kwamba hatujampa mtu yeyote dawa hiyo, kwamba jani linaweza kuwa na nguvu na bado lisitoshe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Ulisema weye mwenyewe, uchungu njo dawa," akasema. "Bile bidonge ya munganga hapana na uchungu hata kidogo. Unaweka mu kinywa sawa bonbo. Ile iko dawa ya nini?"

Bonbo ndiyo pipi kwetu. Yale maneno ya uchungu yalikuwa yangu, na kwa lugha yetu yamekaa sawa kabisa. Nikajaribu tena kesho yake, nikamletea mwalimu wa katekisimu, nikatisha, nikabembeleza. Akasema amelisha watu maisha yake yote na hajaona maneno yakimshibisha mtu, kwa hiyo kama nina kitu, nimwonyeshe. Nilimwogopea. Alikuwa amekonda, anakunywa maji bila kukoma, na kidonda kidogo mguuni kilikuwa hakitaki kufunga. Nilimuuguza mama yangu mpaka alipofariki nikiwa msichana, na sikuwa tayari kumzika huyu wa pili kwa sababu ya sentensi niliyoisema nikicheka.

Nikaenda kwa Mzee Kasereka. Aliwaza, akatuma mtu sokoni akanunue beseni.

Mpango ulikuwa huu. Kwenye chupa tungeonyesha majani yakishinda, kama kawaida. Kwenye beseni tungepika uji mwingi kama chakula cha mtu, tutie mate mengi kama ya mwili mzima, halafu tumimine kiasi kile kile cha majani kilichoshinda chupani. Yatamezwa na wingi, na buluu itaondoka. Mama angeona kwa macho yake kwamba kikombe si jeshi. Tatizo lilikuwa mate. Mtu mmoja hatoshi kulitemea beseni. Basi Kambale wote watatu, katibu, mlinzi wa lango, Mzee Kasereka mwenyewe mwenye shahada zake, tulijipanga mstari, tukatema kwa zamu, na ulimi ulipokauka tulikumbushana limau. Mama mdogo ameketi kwenye kiti cha wageni, kitenge kipya, anasikiliza watu wazima wakitema mate kwa ajili yake, na anacheka mabega yakitikisika. Tulikuwa na raha, siwafichi.

Tulingoja. Mzee Kasereka akachukua sahani nyeupe, akaweka tone la chupa upande huu na tone la beseni upande ule, akatia iyode. Ilitoka vizuri kuliko nilivyoomba. Upande mmoja buluu nzito, upande mwingine kahawia ya iyode tu. Nikamsogezea mama sahani mapajani, nikamwambia aangalie, aseme mwenyewe.

Akainama. Akaisogeza sahani karibu, akaigeuza kuelekea dirishani, akapitisha kidole kwenye ukingo wake kama anayetafuta ufa.

"Naona sahani," akasema. "Bitone iko wapi?"

Kambale mmoja alianza kucheka, akadhani ni mzaha, akaacha. Mimi nilikumbuka yale majani ya miiba tuliyoyachambua kwenye gunia, nikajua kwamba haukuwa uzee, alikuwa akichuma bila kuona. Nilipiga magoti mbele yake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu maharagi ya mwaka huu ilitoa maua." Akaishika sahani vizuri isimwagike. "Nilijua yametoa juu ya harufu. Kuona, niliona weupe tu."

"Juu ya nini hukusema?"

"Mungeniondoa mu shamba. Nilizani majani itaosha macho pole pole."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wazee walisema, na sisi tunairudia kwenye matanga bila kufikiri. Siku hiyo niliifikiria. Sukari ilikuwa inamla macho kutoka ndani muda wote tuliokuwa tunafurahia rangi. Mzee Kasereka alivua miwani yake, akaifuta, akashindwa kuivaa tena.

Mama ndiye aliyeanza. "Niambie rangi," akasema. "Yote. Usinifiche."

Nikamwambia. Tone la chupa ni buluu, buluu ya usiku unapoingia, majani yameshinda. Tone la beseni halina buluu, ni kahawia, majani yameshindwa. Aliniuliza kama ni majani yale yale. Nikasema ni yale yale, ya ua wake, machungu, hayakuoshwa. Akaniuliza kama nimeangalia vizuri. Nikamwambia nimeangalia vizuri. Vidole vyake vikasafiri kwenye ukingo wa sahani, na nje ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unafunga dirisha. Kisha akasema tumpeleke kwa daktari, na kabla ya hapo mtu amwage lile beseni, linanuka.

Daktari alisema macho yaliyokwenda hayarudi, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa. Kidonda kilichukua muda, kikafunga. Vidonge havikutosha tena, akaandikiwa sindano za insulini. Nami nilikuwa nimebakiza muda mfupi wa kazi, nikaumaliza, nikafunga mizigo nikashuka Beni.

Mkiniuliza kama mubirizi ni dawa, nitawajibu kama fundi. Una nguvu, nimeiona kwa macho haya, na mtu akiwaambia ni ushirikina wa bibi mwonyesheni zambarau ikifa. Lakini kati ya chupa na tumbo kuna barabara ndefu kuliko hii yetu ya Butembo na Beni, na vizuizi vyake ni vingi zaidi. Mkishinda kwenye chupa, semeni mmeshinda kwenye chupa. Semeni hivyo hivyo kwa mama zenu kwenye simu, kwa lugha ya nyumbani, polepole, na mngoje mpaka wawarudishie mlichosema. Neno letu moja linabeba mengi. Huko kwenye lugha za vitabu mtu anaweza kutenganisha ladha na nguvu na maumivu. Sisi tunasema uchungu, na kila mtu anachukua anaoutaka.

Hapa Mulekera umeme ukija ni bahati, kwa hiyo dawa ya mama naitunza ndani ya chungu kidogo kilichozikwa kwenye mchanga wenye maji, chini ya kivuli. Mjifunze hilo, friji si lazima ili mtu aishi. Asubuhi, ndege ya uwanja wa Mavivi ikiwa haijapita bado, nafungua chungu, navuta dawa kwenye sindano, nainua kwenye mwanga wa mlango nisome mstari. Mama ameketi kitandani, amepandisha blauzi, ngozi ya tumbo lake ni laini kama ya mtoto. Anatazama upande wangu, ambako anaona weupe tu.

"Umeona muzuri?"

"Nimeona muzuri, mama."

"Choma basi."